Kongano la mwani na mnazi Mkinga: faida itawafikiaje hata wasio wanachama?

Zingibari_Pwani ameuliza:

Wakuu salaam. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na makongano ya biashara.

Huku pwani ya Mkinga, mkoani Tanga, tuna vikundi 5 vya akina mama wakulima wa mwani, jumla yao kama 100, na kila mmoja ana wastani wa kamba 100 za mita 10. Wapo pia wakamuaji wa mafuta ya nazi, vikundi viwili vya sabuni, mafundi mashua, vijana wa bodaboda na wenye Fuso wanaopeleka mzigo Tanga mjini. Wote wako ndani ya kilomita 15, ila kila mtu na lake. Mnunuzi wa mwani anakuja na mzani wake, anakopesha kamba na taitai (nyuzi za kufungia mbegu za mwani kwenye kamba), na bei anapanga yeye.

Halmashauri imependekeza tuwaunganishe wawe kongano moja, yaani biashara zilizo karibu zinazoshirikiana. Kuna mfadhili yuko tayari kuchangia vifaa vya kuanzia, lakini anataka maelezo ya jinsi kongano litakavyochangia uendelevu wa kijamii wa eneo zima, siyo kipato cha wanachama tu. Maswali yangu:

1. Vifaa gani vianze, na kwa nini?
2. Kongano litajiendeshaje mfadhili akiondoka?
3. Tutapimaje kwamba jamii imenufaika, kwa njia ambayo mtendaji wa kijiji anaweza kuifanya bila kuajiri mtaalamu?

Orodha ya awali ya vikundi inataja chanja 3 za kuanikia, boti moja, mashine ya kusaga mwani na ofisi. Karibuni.

---

Mizani_Sawa amejibu:

Mleta uzi, kwenye hiyo orodha yenu ningeanza na kitu ambacho hakimo: mzani.

Kukaa karibu kunaleta faida zake hata bila kikao. Alfred Marshall alishaliona hilo kwenye miji ya viwanda ya Uingereza mwaka 1890: mafundi wenye ujuzi hupatikana kirahisi, wauza vifaa husogea, na maarifa hupita mlango kwa mlango. Ila bei ya haki, mkopo usiomfunga mtu na ulinzi wa mnyonge haviji vyenyewe kwa sababu ya ujirani. Vinakuja pale watu wanapomiliki pamoja kitu ambacho kila mmoja anakihitaji na hawezi kukinunua peke yake. Kongano lisilo na kitu kama hicho ni orodha ya majina tu.

Sasa hesabu. Kamba ya mita 10 yenye mbegu (kipande cha mwani hai) kila sentimita 20 inabeba mbegu 50. Mbegu ya gramu 100 ikifungwa, zinaingia kilo 5. Mwani ukikua kwa asilimia 3.5 kwa siku, baada ya siku 42 kamba ina kilo 21 hivi. Toa kilo 5 za mbegu ya kurudisha, zinabaki 16. Ukikausha kwa uwiano wa 8 kwa 1, unapata kilo 2 kavu. Kamba 100 ni kilo 200 kavu kwa mavuno mamoja. Tuseme mama anapata mavuno 7 kwa mwaka, kwa kuwa kaskazi, msimu wa joto wa Disemba hadi Machi, lazima ipunguze: kilo 1,400. Akina mama 100 ni kilo 140,000.

Mzani ukipunja kilo 2 katika kila gunia la kilo 50, hiyo ni asilimia 4. Kwa mzigo wote ni kilo 5,600 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, ni shilingi milioni 5.6 zinazotoka kijijini bila mtu kuziona. Kabla ya kulaumu bei, funga tundu hilo kwanza.

Mzani wenyewe uwe wa jukwaa, kilo 300, ukae chini ya paa kwenye sakafu ya saruji iliyosawazishwa. Mzani wa kuning'iniza ni nafuu, lakini kwenye upepo wa kusi mshale hautulii, na ubishi unaanza hapo. Uhakikiwe na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Pawepo na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa pia, na kila siku ya ununuzi lipimwe mbele ya watu kabla ya gunia la kwanza. Daftari la risiti liwe na nakala tatu: ya mkulima, ya mnunuzi, ya kongano. Risiti iandikwe jina la mwenye mwani, siyo la mume wala la mwenyekiti wa kikundi.

Kifaa cha pili ni mfuko wa kamba. Mama mmoja anatumia mita 1,000 za kamba ya milimita 4 na taitai 5,000. Mnunuzi anayevikopesha ndiye anayeshika shingo ya bei, kwa sababu mwenye deni hawezi kumuuzia mwingine. Mfuko ununue kwa jumla, ukopeshe, na urejeshwe kwa mafungu manne sawa katika mavuno manne. Mtu akipoteza mwani kwa ugonjwa, fungu la mavuno hayo lisogezwe mbele bila faini. Wengi hukosea hapo: wanaweka faini, mkulima anakimbilia kwa mnunuzi kukopa, na mchezo unarudi kule kule.

Chanja sasa. Chanja ya mita 1.5 kwa 20 ina mita za mraba 30. Ukitandaza kilo 8 mbichi kwa kila mita ya mraba, inabeba kilo 240, na jua zuri linakausha kwa siku 3. Kwenye bamvua moja (siku ambazo maji hupwa sana, kila baada ya wiki mbili hivi) watu wanavuna kama siku 6, kwa hiyo chanja moja inakausha mara mbili: kilo 480. Kikundi cha akina mama 20 kina kamba 2,000, yaani kilo 32,000 mbichi kwa siku 42 zenye bamvua tatu, hivyo kinavuna kilo 10,600 hivi kwa bamvua. Wanahitaji chanja 22. Hizo 3 mlizoomba zinatosha asilimia 13 au 14 ya mzigo wa kikundi kimoja kati ya vitano, na watakaozitumia ni viongozi na jamaa zao. Hakuna anayekusudia ubaya, lakini kifaa kichache humfuata aliye karibu na ufunguo. Ni heri fedha hiyo inunue neti na misumari, kila kikundi kijengee nguzo zake, kuliko kuweka chanja 3 nzuri za kupigia picha.

Swali la pili: toza kwa kilo, siyo ada ya mwezi. Shilingi 30 kwa kilo kavu, ikatwe mzanini. Kwa kilo 140,000 ni shilingi milioni 4.2, yaani 350,000 kwa mwezi. Inatosha karani wa mzani, stempu ya Wakala wa Vipimo, madaftari na matengenezo madogo. Haitoshi meneja, ofisi na gari. Mkianza na akina mama 20 tu, ni 840,000 kwa mwaka, haimlipi hata karani. Kwa hiyo vikundi vyote vitano viingie tangu siku ya kwanza. Ofisi iondoeni, chumba cha mzani kinatosha.

---

Maziwa_ya_Asubuhi amejibu:

Naunga mkono la mzani, na niongeze upande wa malipo, maana Tanga tuna mfano wake hapa hapa kwenye maziwa.

Wafugaji wadogo wa mkoa huu hawakuanza na kiwanda. Mpango wa maendeleo ya wafugaji wadogo uliosaidiwa na Uholanzi ulianza mwaka 1985, vyama vya msingi vikaunda chama kikuu mwaka 1993, na kiwanda kikafuata baadaye, wafugaji wakiwa na hisa kupitia chama chao. Katika safari hiyo kaya nyingi zisizo na mtaji ziliingia kwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba mwenye mimba, unalipa kwa kutoa mtamba kwa jirani anayefuata. Mkopo huo ukilipwa, kaya ya pili inapata ng'ombe. Ukipewa fedha taslimu, mzunguko huo haupo.

Kwenye mwani mnaweza kufanya hivyo kwa mbegu. Anayeanza apewe kilo 100 za mbegu hai, zitoshe kamba 20, na baada ya mavuno mawili arudishe kilo 100 kwa mgeni anayefuata. Mbegu ikifa kwa joto, deni libaki ila lisubiri msimu wa kusi. Hapo hata binti asiye na kitu anaingia bila kuomba mtu.

Kuhusu malipo: kituo cha kukusanyia maziwa kinabadilisha maisha ya kijiji kwa sababu ya tarehe, zaidi hata ya bei. Mchuuzi anaweza kutoa shilingi nyingi kwa lita lakini leo analipa, kesho hayupo. Kituo kinacholipa kila baada ya wiki mbili, tarehe ile ile, kinamwezesha mtu kukopa chakula cha mifugo dukani, kulipia bima ya afya na ada ya shule. Duka nalo linamkopesha hata asiye mfugaji kwa kuwa mzunguko wa fedha mtaani unajulikana. Hiyo ndiyo faida ya jamii nzima inayoonekana kwa macho. Wekeni tarehe ya malipo kwenye katiba: siku 7 baada ya kupima, na mnunuzi anayechelewa asipewe mzigo unaofuata.

Jambo jingine ni upokeaji ulio sawa kwa wote. Kituo cha maziwa kinapokea au kukataa kwa kipimo, siyo kwa sura. Kwanza kunusa na kutazama, kisha kipimo cha uzito wa maziwa (laktometa), ambacho kwa nyuzi 20 maziwa safi hucheza kati ya gramu 1.028 na 1.032 kwa mililita, chini ya hapo shuku maji. Kisha pombe ya asilimia 68 au 70, kiasi sawa na maziwa, yakiganda, yamekataliwa. Mkulima anaona mwenyewe, hana la kugombana. Nanyi mfanye hivyo kwenye unyevu: mwani mkavu uwe na unyevu chini ya asilimia 40. Chukueni gramu 100 kutoka katikati ya gunia, mkaushe kwa jiko la mkaa kwenye sufuria pana bila kuunguza mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 62, unyevu ni asilimia 38, unapita. Mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja unatosha.

Wasio wanachama nao wapokelewe. Wauze kwa mzani ule ule na kwa bei ile ile, wakatwe shilingi 40 badala ya 30. Ukiwafungia nje, watamuuzia mnunuzi wa pembeni kwa bei ya chini, naye atatumia bei hiyo kuwashusha ninyi.

---

KaskaziNaKusi amejibu:

Mwani wetu ni wa aina mbili, spinosamu na kotoni. Hesabu za Mizani_Sawa zinakaa vizuri kwa spinosamu. Kwa kotoni, ambayo bei yake ni ya juu zaidi, zinakatika kila kaskazi. Disemba hadi Machi maji ya kina kifupi yakipwa yanapata joto sana, matawi yanageuka meupe na kukatika, na mvua kubwa ikipunguza chumvi inakuwa mbaya zaidi. Mbegu zote zikifa, mkulima anasubiri miezi kupata nyingine, au anaacha kabisa na kwenda mjini kutafuta kazi za ndani. Kwa hiyo mimi ningeweka benki ya mbegu kabla ya mashine ya kusaga.

Benki ya mbegu inakaa kwenye mkondo wenye kina cha mita 2 hadi 6 maji yakipwa. Kamba mama ya milimita 10, urefu mita 50, pande zote nanga ya magunia ya mchanga, mawili mawili, kila gunia kilo 50. Maboya ya chupa tupu za lita 1.5 kila baada ya mita 2, yafungwe shingoni kwa fundo mbili maana moja hufunguka. Kamba ndogo za mbegu zining'inie. Kila siku 14 mtu aende atikise kamba kuondoa majani machafu na matope. Zikiachwa mwezi mzima, mwani-pori unafunika mbegu na samaki wanazitafuna. Kwa vikundi vitano wekeni kamba mama 10, mbili kwa kila kikundi, na zisiwe sehemu moja: tano kaskazini mwa mlango wa bahari, tano kusini. Dhoruba ikichukua moja, nyingine inabaki.

Hapo boti inahitajika kweli, na hapo pia ndipo kuna jambo la kijamii ambalo maandiko mengi ya mradi hulipita. Kilimo cha kina kifupi kilikuwa cha akina mama kwa sababu unakwenda kwa miguu. Ukihamia kina kirefu, kazi inahitaji kuogelea na boti, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Bila maandalizi, kipato kinahamia kwa wanaume kimya kimya ndani ya misimu miwili, na takwimu za kongano zitaonyesha uzalishaji umepanda! Tengeni fedha ya mafunzo ya kuogelea kwa akina mama wanaotaka, mkufunzi awe mwanamke, maji ya kifua tu kwa wiki za mwanzo. Koti okozi moja kwa kila kiti kwenye boti, siyo mbili kwa wote. Nahodha akilipwa kwa safari badala ya asilimia ya mwani, boti haitageuka kuwa mmiliki wa mavuno.

Mambo mawili ya mazingira yanayowagusa hata majirani wasiolima. Kamba 100 zinahitaji vigingi 200, akina mama 100 ni vigingi 20,000, na wadudu wa baharini wanavitoboa, kwa hiyo sehemu kubwa hubadilishwa kila mwaka. Vikikatwa mikoko, mvuvi wa kaa na wa kamba wale wa kuliwa ndiye anayelipa, na ni kosa kisheria bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Pandeni mivinje sasa, kwenye eneo la shule au kijiji, na kijiji kiuze vigingi kwa kongano: hiyo ni fedha ya umma inayoonekana. La pili ni taitai. Zinakatwa wakati wa kuvuna na kuachwa majini, na zinaishia kwenye nyavu za watu. Iwekwe sheria kwamba mtu anarudisha taitai chakavu mzanini kabla ya kukopeshwa mpya.

---

Zingibari_Pwani ameuliza tena:

Ahsanteni sana, nimeshaondoa ofisi na nimeweka mzani na benki ya mbegu. Vikundi vya sabuni vinasema mashine ya kusaga ni yao na bila hiyo hawana sababu ya kuingia. Na diwani anauliza: mwani ukianguka bei, kongano si litaanguka na wote?

---

Korogwe_Juu amejibu:

Diwani ameuliza swali ambalo mkoa wa Tanga una jibu lake kwenye historia. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tulikuwa tunazalisha takriban tani 230,000. Reli, bandari, karakana, hospitali za mashamba, hata ratiba za shule kwenye makambi zilizunguka zao moja. Nyuzi za plastiki zikashusha bei, uendeshaji baada ya utaifishaji ukayumba, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000 tu. Kilichoumiza watu zaidi ya bei ni kwamba ujuzi wao ulikuwa wa mkonge peke yake, na nyumba walizoishi zilikuwa za mwajiri. Ajira ilipokwenda, makazi na zahanati vilikwenda nayo.

Kwa hiyo kongano lenu lijengwe kwa ujuzi na vifaa vinavyoweza kuhamia kazi nyingine. Mzani unapima nazi kavu na korosho pia. Fundi mashua anatengeneza boti ya mwani leo na ya utalii kesho. Sheria ya ndani inaweza kusema kwamba nusu ya akiba ya mwaka isiingie kwenye mwani: iende kwenye mazao mawili ya ziada ambayo maji yenu yanayafaa, kama kunenepesha kaa au majongoo bahari, baada ya kupata vibali vya uvuvi. Chakula cha nyumbani nacho kisiachwe. Mama mwenye nusu ekari ya muhogo anahimili bei mbaya kwa mavuno mawili, asiye nayo anauza kamba.

Na kuna somo la nje linalowahusu moja kwa moja. Sialkot, Pakistan, ni mji wa kongano la mipira ya miguu inayoshonwa kwa mkono. Watoto walikuwa wakishona majumbani, na mwaka 1997 chama cha wafanyabiashara wa mji huo, ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNICEF walisaini makubaliano mjini Atlanta ya kuwaondoa. Ushonaji ukahamishiwa kwenye vituo ili ukaguliwe. Nia ilikuwa njema na kazi ya watoto ilipungua, lakini wanawake wengi waliokuwa wanashona nyumbani hawakuweza kwenda kwenye vituo vya mchanganyiko, wakapoteza kipato, hadi vituo vya wanawake peke yao vilipofunguliwa. Ninyi mkihamisha kukausha na kufungasha kutoka nyuani kwenda kwenye ghala moja la mbali, waulizeni kwanza wenye watoto wachanga, wazee na wenye ulemavu watafikaje. Kama jibu ni bodaboda, nauli hiyo ingizeni kwenye hesabu.

Na kwa vikundi vya sabuni, msisahau maji taka: kwenye bonde la Palar huko Tamil Nadu, India, viwanda vidogo vya ngozi viliharibu visima vya watu, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru visivyosafisha maji vifungwe. Walionusurika wengi ni waliojiunga kujenga mtambo wa pamoja. Sabuni haina kemikali kali kama za ngozi, ila kostiki soda, magadi makali ya kutengenezea sabuni, ikimwagwa karibu na kisima cha kijiji, watu hawatasubiri mahakama.

---

Maziwa_ya_Asubuhi amejibu:

Kwa wenye sabuni: wapewe mashine ya kusaga, lakini imilikiwe na kongano na wao wailipie kwa kilo inayosagwa. Ushindani wao mkubwa ni ubora kutolingana, na hilo linatatuliwa kwa jiko moja la pamoja.

Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi, kostiki soda gramu 174 inaacha mafuta kidogo ya ziada yasiyogeuka, na hiyo ndiyo inafanya sabuni isikaushe ngozi. Maji gramu 350. Kostiki inamiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye kostiki, maana hulipuka na kurukia usoni. Ndoo iwe ya plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini inaliwa na kutoa gesi inayoshika moto. Acha vipoe hadi vuguvugu, changanya, na unga wa mwani gramu 20 hadi 30 uingie mchanganyiko ukishaanza kuwa mzito. Unga ukiwa na chenga, sabuni inakwaruza. Chekecha kwa chujio la unga wa ngano. Kata kesho yake, panga kwenye rafu yenye hewa kwa wiki 4.

Sabuni inayowasha ngozi karibu daima imetokana na kupima kwa kikombe. Kostiki ya chenga na ya vipande hazijazi kikombe sawa. Kila jiko liwe na mzani wa gramu moja, miwani, glavu na siki ya kusafishia meza. Mkitaka alama ya TBS (Shirika la Viwango), anzieni SIDO Tanga, shirika la viwanda vidogo, kwa barua ya utambulisho, na jiko moja lenye kumbukumbu za kila pishi litakaguliwa kirahisi kuliko majiko saba ya uani.

Ununuzi wa mafuta ya nazi ndio unaowaunganisha na wakamuaji. Andikeni mkataba wa miezi 6 wa kiasi na bei, mkamuaji ajue atauza lita ngapi. Hapo naye anaajiri kijana wa kukuna kwa uhakika.

---

Mizani_Sawa amejibu:

Swali la tatu halijajibiwa, na mfadhili ataliuliza kwanza.

Kabla ya kifaa chochote kufika, chagueni kaya 30 za wanachama na kaya 30 zisizo wanachama kwenye vijiji vile vile, kwa kura kutoka kwenye rejista ya kijiji. Msichague kwa mkono, maana mtawapata wanaopenda mikutano. Ulizeni mambo machache, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba kila mwaka, ili msimu mbaya na msimu mzuri vyote viingie: siku ngapi zilipita kati ya kuuza na kulipwa mara ya mwisho, nani aliipokea fedha mkononi au kwenye simu, deni kwa mnunuzi ni kiasi gani, kuna bima ya afya hai, kuna mwezi kaya ilipunguza milo, nani wa umri wa miaka 18 hadi 30 amehama tangu swali lililopita na kwa nini. Kama kaya za wanachama zinapanda na zile nyingine zinashuka, kongano linanyonya majirani, na ni lazima liandikwe hivyo hivyo kwenye taarifa.

Kipimo kimoja hakihitaji hata kuuliza mtu. Chukueni kalenda ya bamvua, kisha ombeni mwalimu mkuu awaonyeshe rejista ya mahudhurio. Linganisheni siku za bamvua na siku za maji mafu, yaani bahari isipokupwa sana, wavulana na wasichana kwa madarasa ya 4 hadi 7. Kama wasichana wanapungua siku za bamvua, mwani unavunwa na watoto, na kamba 100 kwa mama mmoja ni nyingi kupita nguvu zake. Dawa yake ni kupunguza kamba au kuweka zamu ya kusaidiana kuvuna, na ndiyo sababu kalenda ya uvunaji ya vikundi vyote itolewe na karani wa mzani, ibandikwe shuleni pia.

Taarifa isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, siyo kwenye kikao cha kongano peke yake. Pamoja nayo zisomwe fedha: makato ya mzani yaliyokusanywa, matumizi, na salio la mfuko wa kamba. Kwa mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kikundi chenye risiti za mzani za misimu miwili kina ushahidi wa kurejesha. Na kwenye hizo 2, karani wa mzani ni kazi inayoweza kufanywa na mtu mwenye ulemavu wa miguu bila shida, mradi mlango wa chumba uwe na upana wa sentimita 90 na ngazi iwe mteremko. Mwambieni fundi kabla hajamwaga zege.